Kuprinti fulana Mwanza: leseni utaipata, ila angalia kilicho kifuani

Mashine nilinunua kwanza, makaratasi nikayatafuta baadaye. Usinifuate.

Ilikuwa hiti presi ya mkono, mashine ya kubandika chapa kwenye nguo kwa joto, ile inayofunguka na kufumba kama taya la mamba, na hela yake ilitoka kwenye mchezo wa kina mama wa mtaani kwetu. Nikaiweka kwenye fremu Kirumba, katikati ya muuza vocha na fundi viatu, nikaanza na fulana za kipaimara na za vijana wa bodaboda. Hiyo ilikuwa 2023. Wiki ya tatu akapita afisa biashara, yuko na mtendaji wa mtaa. Wala hakupandisha sauti. "Dada, leseni iko wapi?" Nikamkabidhi karatasi yangu ya TIN, ile namba ya mlipakodi, najiamini kweli. Akaisoma, akamwonyesha mtendaji, wakacheka wote wawili. "Hii ni ya kuendeshea gari, dada yangu."

Kweli. TIN ile nilipewa nilipoomba leseni ya udereva, na TRA huiandika kuwa si ya biashara. Akanipa siku kumi na nne nijipange. Haya ninayokuandikia nimeyaokota ndani ya siku hizo, na mengine baadaye kwa kuumia. Ni ya mtu mwenye fremu moja, mashine moja au mbili, na kijana wa kumsaidia. Mwenye kutaka kampuni na wakurugenzi, njia yake ni nyingine.

Uko halmashauri gani?

Mgeni akisema "Mwanza mjini" anadhani ni mamlaka moja. Ni mbili. Halmashauri ya Jiji la Mwanza inashika Nyamagana: mjini kati na Makoroboi, Igogo, Mabatini, Mkuyuni, Nyegezi hadi Buhongwa. Manispaa ya Ilemela inashika Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Buzuruga na kwingineko, na ofisi zake ziko Buswelu. Kutoka fremu yangu mpaka upande wa Jiji ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Ndiyo maana asubuhi nzima nilikaa kwenye foleni ya Jiji nikiwa na bahasha, nilipofika dirishani nikaambiwa, "Mama, Kirumba si kwetu." Nikapanda daladala ya Buswelu.

Siku hizi maombi ya leseni yanapitia mfumo wa TAMISEMI unaoitwa Tausi, lakini kosa langu bado unaweza kulifanya ukiwa umekaa kwako na simu, maana mfumo utakutaka uchague halmashauri, kata na mtaa. Kabla ya kuchagua, nenda kwa mtendaji wa mtaa ilipo fremu. Mtambue, akutambue, akupe barua ya utambulisho. Huyu ndiye atakayekuwa anapita na wageni mlangoni kwako miaka yote, kwa hiyo salamu yake usiifanyie ubahili.

Makaratasi yanavyofuatana

Anza na kitambulisho cha NIDA, au walau namba yake. Bila hiyo BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hawakufungulii akaunti na TRA hawakuhudumii.

Kisha jina. Ukifanya kazi kwa majina yako halisi hulazimiki kusajili jina la biashara, ila bango likiwa na jina la kubuni, lisajili BRELA kwa njia ya mtandao. Mimi nililipa shilingi 20,000. Andaa majina matatu, maana lile la kwanza unalolipenda kuna mtu ameshalipenda. Langu lilikuwa na "Rock City", jina la utani la Mwanza, ndani yake. Jaribu mwenyewe uone yalivyojaa. Na uelewe jambo moja ambalo wengi huchanganya: cheti cha jina la biashara hakikupi haki ya kumzuia mwingine kuweka jina hilo kwenye fulana zake. Hiyo ni alama ya biashara, inasajiliwa hapohapo BRELA lakini kwa ombi jingine, kwenye daraja la 25 ambalo ni la nguo. Inadumu miaka 7, ukihuisha unapewa 10. Anayeprinti kazi za watu tu haihitaji haraka. Siku ukianza kuuza fulana zenye chapa yako mwenyewe, usichelewe.

Baada ya jina ni TRA. TIN haiuzwi, akikutoza mtu jua ni kishoka. Kama unayo ile ya udereva hupewi nyingine, mtu mmoja TIN moja. Unaomba ibadilishwe kuwa ya biashara. Watataka mkataba wa pango, na hapa ndipo mimi na mwenye nyumba wangu tulipokorofishana.

Mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo ni kodi ya mwenye nyumba lakini anayetakiwa kuikata na kuipeleka TRA ni wewe mpangaji mwenye biashara. Fremu yangu ilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi, mwaka 1,200,000. Sheria inataka mzee nimpe 1,080,000 na 120,000 niipeleke serikalini kwa jina lake. Nilipomweleza alinitazama kama ninayemwibia. "Mwanangu, nimekupa fremu, sasa unanikata hela?" Nikiwa na haraka ya leseni, mwaka ule nikailipa mfukoni mwangu. Mwaka uliofuata nilikwenda na mjomba wangu, tukakaa tukaongea, na mkataba mpya ukaandikwa wazi kwamba kodi ya zuio inatoka ndani ya pango. Cheti cha malipo nampelekea mwenyewe. Fanya mazungumzo hayo kabla hujaingiza mashine, kwa sababu ukishabandika rangi ukutani mwenye nyumba anajua huhami.

Ukiwa na TIN ya biashara, TRA wanakukadiria mapato, unapewa hati ya kutodaiwa kodi. Hati hiyo, TIN, cheti cha BRELA, mkataba wa pango na NIDA ndivyo unavyopandisha kwenye Tausi. Mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, leseni inatoka. Inadumu miezi 12. Itundike ukutani panapoonekana, maana droo nayo hupotelewa funguo siku ya ukaguzi.

Daftari la laki moja

Kuhusu makadirio nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanatoa hela ambayo sheria haiwadai.

Mfanyabiashara mdogo ambaye si kampuni na mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100, anatozwa kwa jedwali. Jedwali nililokadiriwa nalo lilikuja na Sheria ya Fedha ya 2022. Mauzo yasiyozidi milioni 4, hakuna kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiyeweka kumbukumbu analipa 100,000. Anayeweka analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu 250,000. Mwenye nazo 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kutoka milioni 11 hadi 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Sasa chukua mauzo ya milioni 9. Bila daftari ni 250,000. Ukiwa na daftari ni 90,000 jumlisha 60,000, yaani 150,000. Laki moja nzima imeokolewa na kaunta buku na kalamu. Mwaka wa kwanza mimi sikuwa nalo, nikalipa za asiyeandika, na aliyenikadiria hakuwa na kosa lolote.

Kwenye kazi yetu kuna mtego mwingine ndani ya neno "mauzo". Kodi hii inahesabu mauzo, faida haiulizi. Mteja akinunua kwako fulana na chapa kwa shilingi 12,000, mauzo ni 12,000 hata kama fulana nyeupe uliichukua mjini kwa 6,000. Lakini akija na fulana zake, ukamprintia kwa 4,000, mauzo yako ni 4,000 tu. Ziandike mbalimbali: "nguo zangu" ukurasa huu, "nguo za mteja" ukurasa ule. Nimeona mwenzangu Mabatini akiandika thamani nzima ya oda, zikiwemo fulana ambazo hajawahi kuzimiliki, akajipandisha daraja la kodi kwa mkono wake.

Kodi inalipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka unahitaji kutoa risiti ya EFD, yaani ya kielektroniki, kwa mashine au kwa programu, na kila oda, hata ya fulana moja ya shangazi yako, inatolewa risiti. VAT ni ya wenye mauzo ya milioni 200 na kuendelea, tuwaachie. Ukiuzia ofisi ya serikali usishtuke hela ikija pungufu: wanakata kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma. Dai cheti cha makato, hiyo ni kodi yako imeshalipwa.

Kilicho kifuani

Hayo yote ukiyakosea, unatozwa faini, unalipa, unaendelea. Kuna sehemu ambayo leseni ya ukutani haikusaidii, nayo ni picha unayoibandika kwenye nguo ya mtu.

Alikuja kaka mmoja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Anataka jezi arobaini zenye nembo ya klabu kubwa ya Ligi Kuu, kuna bonanza kisiwani. Nembo anayo kwenye simu. Akaacha nusu ya hela, nikafanya kazi usiku kucha. Kesho yake, mzigo umefungwa kwenye sandarusi unasubiri meli, wakaguzi wa bidhaa bandia wakaingia. Waliletwa mtaani na mambo ya duka jingine, wakaona jezi moja ya mfano nimeitundika mlangoni kujitangazia. Nilijitangaza kweli. Jezi zote zikaondoka, mteja akazima simu, na nusu niliyolipwa haikufikia hata bei ya jezi tupu.

Nilijitetea kwamba mimi naprinti tu, mwenye kazi ni mteja. Utetezi huo haukunisaidia. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamkamata anayetengeneza bidhaa bandia pamoja na anayeiuza, na kubandika alama iliyosajiliwa ya mtu bila idhini yake ndiko kutengeneza kwenyewe. Haijalishi kama ni klabu, ni Nike au ni kampuni ya simu. Hata fulana moja ni bandia moja.

Pamba Jiji, timu yetu ya mpira, iliporudi Ligi Kuu 2024, mji mzima ulitaka kuvaa Pamba. Safari hiyo nilikuwa nimeshaungua. Nilimpa binamu yangu anayejua kuchora kazi ya Jiwe la Bismarck likiwa majini, chini yake "Mwanza" kwa herufi alizozibuni yeye. Hakuna nembo ya mtu. Tuliandikiana: namlipa kiasi fulani, mchoro nautumia mimi kwenye nguo. Andikianeni hata na ndugu, na hasa na ndugu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999 mchoro unalindwa tangu unapochorwa, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si lazima, ila siku mwenzako wa mtaa wa pili akiuiga, cheti ndicho kinachoongea.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayofanya picha za kuokota mtandaoni ziwe hatari. Mteja atakwambia "nimeitoa Google." Google si mpiga picha. Muulize mwenye picha ni nani, na kama hajui, mshauri achore.

Alama za Taifa nazo zina sheria yake. Ngao ya Taifa, yule bwana na bibi na Mlima Kilimanjaro, huitumii kwenye biashara bila kibali cha maandishi cha waziri anayehusika. Bendera pia imo. Najua umeziona fulana za bendera zimejaa kila Desemba. Kujaa kwake hakujawa kibali.

Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi usiziguse kabisa. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia kusalimisha sare za jeshi na zinazofanana nazo. Kuna kijana alinijia akitaka kofia za mabaka za "jogging klabu". Nikamwambia, "Ngosha, hizo kofia mtakimbia nazo hadi kituoni."

Wanafunzi wa vyuo, kama hawa wetu wa Malimbe, wakija na nembo ya chuo kwa fulana za mahafali, naomba barua ya chuo. Kwanza walinuna, sasa wanakuja nayo. Shule, kwaya ya parokia, chama cha siasa: barua yenye mhuri, au siprinti nembo, naprinti maneno.

Picha za watu zinataka moyo zaidi. Fulana za msiba ndizo kazi zetu nyingi hapa, na familia moja ikigombana, fulana ya marehemu inakuwa kesi. Ninapokea oda ya msiba kutoka kwa mtu aliyetumwa na familia, naandika jina lake. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: picha ya mtoto wa mteja uliyotumiwa kwa WhatsApp ni taarifa binafsi. Usiiweke kwenye ukurasa wako kujitangaza bila ruhusa ya mzazi. Mimi kazi ikikabidhiwa, picha zinafutwa Jumamosi hiyo.

Moto, maji na kijana wa kazi

Hiti presi inafanya kazi kwenye nyuzi 150 hadi 200. Zimamoto watakuja kukagua, na kizimamoto chako kiwe cha kuzima moto wa umeme, cha unga au gesi ya kaboni. Ndoo ya maji karibu na mashine ni kujitafutia kifo. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wanataka mahali pa kazi pasajiliwe.

Ukiwa na hata kijana mmoja unayemlipa mshahara, mwandikie mkataba, msajili NSSF, ambako michango ni asilimia 20 ya mshahara na nusu yake ni yako mwajiri, na jisajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ambako mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara na haukatwi kwake. Mimi WCF niliona ni anasa. Mwezi wa tano kijana wangu akabana kiganja kwenye presi. Dawa, vidonda kusafishwa, wiki tatu bila kazi: vyote nilitoa mimi, na alistahili. Mchango wa mwaka mzima haukufika bei ya bandeji. Mshahara ukizidi 270,000 kwa mwezi kuna PAYE, kodi ya mshahara, ya kukata.

Anayeprinti kwa skrini, ile fremu ya wavu inayopitishiwa wino, na wino wa mafuta ana jambo la ziada ambalo mwenye hiti presi analikwepa: maji ya kuoshea. Mji wetu unateremka ziwani. Unachomwaga kwenye mtaro wa Mabatini kinaingia Mto Mirongo, na Mirongo inaingia Ziwa Victoria, tunakochota maji ya kunywa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa hiyo banda la bei rahisi kando ya maji usilipange hata ukisifiwa upepo. Wino futa kwanza kwa matambara, yakauke, uyatupe na taka ngumu.

Karatasi ninayosainisha

Baada ya zile jezi arobaini nilitengeneza fomu ya nusu ukurasa. Haikutoi hatiani ukiprinti nembo ya watu, hilo lishike. Inachofanya ni kumfanya mteja mwongo ajifikirie, na ikikupata hasara unajua wa kumdai. Inasema hivi:

"Mimi ______, wa mtaa wa ______, simu ______, nimeleta mchoro ulio nyuma ya karatasi hii uprintiwe kwenye nguo ______. Nguo ni zangu / nimenunua hapa. Mchoro ni wangu / nina barua ya mwenye nao, nakala nimeiacha. Watu walio kwenye picha, au familia zao, wameridhia. Malipo ya awali ______, baki ______, tarehe ya kuchukua ______. Nikiwa nimedanganya kuhusu mchoro, hasara ya nguo na kazi ni yangu."

Mchoro tunauprinti nyuma ya karatasi yenyewe kabla hajasaini, sahihi yake na picha vikae pamoja. Kaka mmoja juzi aliifikia hapo kwenye "mchoro ni wangu", akashika kalamu, akaguna, akasema anakwenda kumuuliza mwenzake. Hajarudi.